Nyandungu, Kigali: bustani iliyoyaachia maji nafasi yake

Nimeingia katika bustani ya ardhioevu ya Nyandungu mara mbili katika safari moja ya Kigali, mara ya kwanza Jumapili yenye jua na mara ya pili asubuhi iliyofuata usiku mzima wa mvua, na ni ile ya pili iliyonifanya niandike tathmini hii. Siku ya jua niliona mahali pazuri, safi, penye watu waliochangamka, na kama ningeishia hapo ningeandika aya mbili za sifa nikawaambia wasomaji waende. Asubuhi ya mvua niliona bonde likifanya kazi yake. Mimi ni mkazi wa Tabata, Dar es Salaam, upande ambao Mto Msimbazi ukifurika watu hukesha wakiinua magodoro juu ya meza, kwa hiyo naomba msomaji anivumilie nikiipima bustani hii kwa namna inavyoyapokea maji zaidi ya kahawa inayonyweka ndani yake.

Nyandungu iko mashariki mwa jiji la Kigali, si mbali na uwanja wa ndege, katika bonde lililo kati ya wilaya za Gasabo na Kicukiro. Barabara kuu inayopita kando yake hutoka Remera ikaelekea Kabuga, Kayonza na hatimaye mpaka wa Rusumo, yaani ni njia ileile inayotumiwa na malori yanayoleta mizigo Rwanda kutoka bandari ya Dar es Salaam. Madereva wetu wamelipita bonde hili miaka nenda miaka rudi, na wengi wao bila shaka wanalikumbuka lilivyokuwa zamani: ardhi iliyochoka kwa kilimo na malisho, kijani ya hapa na pale, mahali ambapo mtu hakuwa na sababu ya kusimama.

Kazi ya kulirudisha ilianza mwaka 2016 chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira ya Rwanda, inayojulikana kwa kifupi kama REMA, kwa fedha za serikali pamoja na Mfuko wa Kijani wa nchi hiyo, FONERWA. Milango ilifunguliwa kwa umma mwezi Julai mwaka 2022. Kati ya mwaka 2016 na 2022 bonde lenye ukubwa wa hekta 121.7 lilipandwa zaidi ya miti 17,000 ya spishi 55 za asili, likachimbiwa mabwawa, likatengenezewa njia za kutembea na za baiskeli ambazo jumla yake inazidi kilomita 10. Namba hizi nazitaja mapema kwa sababu zinaeleza jambo moja kuhusu mradi wenyewe: miaka sita kwa hekta mia moja na ushei ni mwendo wa watu waliokubali kwenda na kasi ya mimea. Ardhioevu hairudi kwa tingatinga. Tingatinga huchimba bwawa kwa wiki moja, lakini mafunjo, matete, wadudu na ndege huja kwa zamu, kila mmoja akimsubiri aliyemtangulia.

Jumapili ile nilikwenda na mdogo wangu anayeishi Kimironko na binti yake wa miaka saba, ambaye aliniita mama mkubwa kila baada ya hatua tano ili nione kitu kipya. Nilishukuru kwa hilo, kwani mtoto huona chini na pembeni, mahali ambapo sisi watu wazima hatuangalii. Yeye ndiye aliyeona viota vya kwera vikining'inia kwenye mabua ya mafunjo juu ya maji, na ndiye aliyenionyesha mdiria aliyetulia juu ya tawi kavu kabla hajajitupa bwawani kama jiwe. Yangeyange walikuwa wengi, wakitembea kwenye kina kifupi kwa ule mwendo wao wa kupima kila hatua. Inasemekana kwamba zaidi ya spishi 100 za ndege zimeorodheshwa katika bonde hili, na ingawa sisi hatukuhesabu zaidi ya kumi na mbili tulizoweza kuzitambua, hatukupata hata dakika tano mfululizo bila sauti ya ndege mmoja au mwingine.

Njia zimepangwa kwa akili. Zinapinda zikifuata umbo la bonde badala ya kulikata, na ziko umbali unaotosha kutoka kwenye maji kiasi kwamba ndege hawaruki kila anapopita mtu. Mwenye miguu dhaifu anaweza kuchagua mzunguko mfupi, na mwenye pumzi akakamilisha mzunguko mrefu kwa baiskeli. Tuliona wazee wakitembea polepole kwa jozi, vijana wa mazoezi wakikimbia, bibi harusi na wapambe wake wakipigwa picha kando ya bwawa, na kikundi cha wanafunzi wakiwa wamemzunguka mwongozaji kwenye bustani ya mimea ya dawa. Bustani hiyo ya dawa ndiyo sehemu niliyokaa muda mrefu kuliko nilivyopanga. Kwa Wanyarwanda wengi mmea kama umuravumba si habari ya kitabuni, ni kitu ambacho bibi alikichuma nyuma ya nyumba mtoto alipokohoa, na kuona maarifa ya namna hiyo yakipewa ardhi yake ndani ya jiji kulinigusa kuliko chochote kingine nilichokiona siku ile. Iko pia bustani ya Papa, inayokumbusha ziara ya Papa Yohane Paulo wa Pili nchini Rwanda mwezi Septemba mwaka 1990. Ni mahali pa utulivu, na mdogo wangu alikaa pale akisali huku mimi na mtoto tukiwafuata vipepeo.

Mwongozaji tuliyempata alizungumza Kiswahili kizuri, cha mtu aliyekulia karibu na mpaka, na alituambia mambo kwa lugha ya kawaida bila kutuchosha. Nilimuuliza kwa nini wamepanda miti ya asili peke yake, wakati mikaratusi ingeota kwa kasi na kuleta kivuli mapema. Akaniambia: "Mama, mkaratusi unakunywa. Hapa tunataka miti inayojua kukaa na maji." Sijasikia mtu akilieleza jambo hilo kwa maneno machache kuliko hayo. Mikaratusi imetapakaa kwenye milima ya Rwanda kwa kuni na nguzo, na ina kazi yake, lakini ukiipanda kwenye kinamasi umeleta pampu.

Sasa nije kwenye ile asubuhi ya pili.

Mvua ilianza kabla ya saa sita usiku, mvua ya masika isiyo na upepo, inayoshuka wima bila kupumzika. Kigali ni jiji la vilima, na kila kilima kimejaa mapaa ya mabati, barabara za lami na nyua za saruji, hivyo tone likianguka juu halina mahali pa kuzama. Linateremka mtaroni, mtaro unateremka kwenye mtaro mkubwa zaidi, na ndani ya muda mfupi maji ya mtaa mzima yako bondeni yakiwa na udongo, taka na mafuta ya magari. Kwa jiji la namna hiyo mabonde ndiyo kila kitu. Bonde likiwa limejengwa, maji yale huingia nyumbani kwa mtu. Likiwa limelimwa hadi ukingoni, yanabeba udongo wa juu na kuupeleka mtoni. Likiwa na mimea yake, yanapunguza mwendo.

Nilifika mapema, nikiwa nimevaa viatu vya mpira vya shemeji yangu, na nilikuwa karibu peke yangu. Maji yaliyokuwa yakiingia upande wa juu wa bonde yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, mazito, yenye kelele. Nikatembea nikiyafuata. Yalipofika kwenye matete kelele ilipungua, kwa sababu maji yaliacha kuwa mkondo mmoja yakawa mikondo mingi midogo iliyopita katikati ya mashina. Yalipofika kwenye mabwawa yalikuwa yamepanuka na kutulia, na kingo za mabwawa, ambazo Jumapili zilikuwa na nafasi kubwa ya nyasi kati ya maji na njia, sasa zilikuwa zimefunikwa kwa sehemu kubwa. Njia yenyewe ilikuwa kavu. Yaani mtu aliyechora mahali hapa alijua tangu mwanzo kwamba maji yatapanda na akayaachia nafasi ya kupanda, na ile nyasi niliyoiona Jumapili nikadhani ni urembo ilikuwa chumba cha wageni kinachosubiri mgeni wa msimu. Sikuwa na kipimo chochote mkononi, na macho ya mtu mmoja si maabara, lakini maji niliyoyaona chini ya mabwawa yalikuwa na rangi nyepesi kuliko yale yaliyoingia juu.

Kinachotokea katikati si muujiza. Maji yanapopunguza kasi huacha mashapo yake chini, kwa sababu ni kasi iliyokuwa inayabeba. Mafunjo, ambayo katika ardhi nzuri huweza kupita urefu wa mita 4, huchukua naitrojeni na fosforasi kutoka kwenye maji hayo na kuzifanya kuwa mabua na mizizi, na mizizi hiyo hufumana ikawa kama mkeka mnene ambamo vimelea vya maji na uchafu hukwama. Ndiyo maana wataalamu huziita ardhioevu figo za nchi. Hata hivyo, kuna sharti ambalo wapenzi wa bustani hulisahau: mabua yakizeeka na kuozea palepale, sehemu ya virutubisho ilivyochukua hurudi majini. Lazima yavunwe kwa mpango, sehemu baada ya sehemu, ili mengine yaote. Bustani ya aina hii basi ina gharama isiyoisha ya matunzo, na ukiniuliza jambo moja la kuliangalia katika miaka kumi ijayo nitakuambia uangalie kama bajeti ya wale wenye mapanga na viatu vya mpira bado ipo, kabla hujaangalia kama mgahawa umepakwa rangi upya.

Wanyarwanda wana sababu ya kulijua hili kwa undani kuliko majirani zao, na sababu hiyo iko kaskazini mwa nchi, mbali na Nyandungu. Kinamasi cha Rugezi ndicho kinacholisha Ziwa Burera, na maji ya Burera ndiyo yanayoendesha mtambo wa umeme wa Ntaruka. Rugezi ilipokaushwa na kulimwa, kina cha ziwa kilishuka, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 uzalishaji wa Ntaruka ulianguka kiasi cha kuitia nchi katika mgawo mkali wa umeme na gharama ya jenereta za dizeli. Nchi nzima ilijifunza gizani thamani ya kinamasi. Baadaye Rugezi ilirudishiwa maji yake, ikaorodheshwa mwaka 2005 chini ya Mkataba wa Ramsar, yaani mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, na sheria ya mazingira ya mwaka huohuo ikaweka ardhioevu chini ya ulinzi na kuzuia ujenzi karibu nazo. Nyandungu ni mtoto wa somo hilo. Mwezi Novemba mwaka 2022, miezi michache tu baada ya bustani kufunguliwa, Kigali ilitambuliwa chini ya mkataba huohuo wa Ramsar kuwa mojawapo ya majiji ya ardhioevu duniani, pamoja na Cape Town na Ifrane ya Morocco kwa upande wa bara letu.

Nina pingamizi, na pingamizi langu kubwa ni lango.

Nyandungu huingiwa kwa tiketi. Naelewa kwa nini: miti inahitaji maji ya kiangazi, njia zinahitaji kufagiliwa, walinzi na waongozaji wanahitaji mishahara, na mahali pasipo na lango katika miji yetu hugeuka haraka kuwa jalala au gereji. Naelewa pia kwamba kiwango cha mgeni na cha mwananchi si kimoja, jambo ambalo ni la haki. Lakini mahali panapoitwa eneo la wazi la umma pana deni kwa umma wote, na umma wote unajumuisha mama wa watoto wanne anayeishi mlimani juu ya bonde hilohilo, ambaye kwake tiketi za familia ni chakula cha jioni. Mama huyo anapata faida ya bonde, kwa kuwa mafuriko yanapungua na hewa inakuwa safi, hata asipovuka lango. Hapati benchi, wala kivuli, wala nafasi ya mtoto wake kumwona mdiria. Ningependa wasimamizi wafikirie ukanda mmoja wa bustani, hata kilomita moja tu upande wa barabara, uwe huru kabisa, au siku moja ya wiki iwe ya bure, au wanafunzi wa shule za jirani waingie wakati wowote kwa sare zao. Jiji hili tayari lina utamaduni wa siku zisizo na magari, ambapo barabara zilezile za lami hukabidhiwa wakimbiaji na waendesha baiskeli bila malipo. Sioni kwa nini moyo huo usifike bondeni.

Pingamizi la pili ni dogo na muda utalitatua. Miti ya asili hukua taratibu, na mingi ya pale bado ni michanga, hivyo saa sita mchana kivuli ni cha kutafuta. Kelele za barabara kuu nazo hufika upande wa karibu na lango. Mtu anayetaka kimya ashuke hadi mabwawa ya ndani. Mgahawa ni mzuri na huduma ni ya adabu, na sina zaidi la kusema juu yake.

Katika safari hiyohiyo nilitembelea pia Umusambi Village, na nataka kuitaja kwa sababu mtu mwenye siku mbili Kigali atanufaika kuviona vyote viwili. Ni eneo la hekta 21 linaloendeshwa na shirika la kuhifadhi wanyamapori lililoanzishwa na daktari wa mifugo Olivier Nsengimana, na ni makazi ya korongo wenye taji, wale ndege warefu wa kijivu wenye shungi la dhahabu kichwani, ambao Kinyarwanda huwaita imisambi. Kwa miaka mingi watu wenye uwezo waliwafuga kwenye bustani za nyumba na hoteli kama mapambo, wakiwakata mabawa, na porini wakapungua hadi sensa ya mwaka 2017 ikahesabu 487 tu nchini kote. Tangu hapo idadi yao imepanda hadi kupita 1,000. Wale walioharibiwa mabawa hawawezi kurudi porini, na ndio wanaoishi pale. Ukitoka kuwaona ukaingia Nyandungu unaelewa kwamba hakuna maana ya kumwokoa ndege ikiwa kinamasi anachotagia kimekauka. Umusambi ni padogo, ni pa kimya zaidi, na hapafai kwa kukimbia wala baiskeli. Kwa familia yenye watoto wachangamfu ningechagua Nyandungu kwanza.

Siwezi kuandika haya yote bila kusema kuhusu Jangwani, katika bonde la Msimbazi kwetu Dar es Salaam. Wasomaji wa Dar es Salaam wanajua mafuriko ya Desemba mwaka 2011, wanajua familia zilizohamishiwa Mabwepande, wanajua karakana ya mabasi ya mwendokasi iliyojengwa bondeni na ikazamishwa na maji msimu baada ya msimu. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya mradi wa bonde la Msimbazi, na ndani ya mpango huo kuna bustani kubwa ya jiji katika bonde la chini, pamoja na daraja jipya la Jangwani litakaloyaacha maji yapite chini yake. Watu wamelipwa fidia, nyumba zimebomolewa, na wengi wetu tunaoishi kando tunangoja kuona kitakachoota pale.

Nyandungu ina mengi ya kutufundisha, lakini haiwezi kunakiliwa kama karatasi. Kisheria ardhi ya vinamasi nchini Rwanda ni mali ya serikali, na Nyandungu haikuwa na mji ndani yake. Jangwani, Kigogo na Mchikichini kulikuwa na maelfu ya watu, misikiti, madrasa, vibanda vya chipsi, wafinyanzi, mafundi seremala, watu waliozaliwa pale na wazazi wao kuzikwa si mbali. Bonde letu lina kumbukumbu ya watu, na bustani itakayojengwa juu ya kumbukumbu hiyo ikiwa na ukuta na tiketi itakuwa imewaondoa watu wale mara mbili. Hapo ndipo pingamizi langu kuhusu lango la Kigali linapokuwa zito zaidi kwangu. Kwa upande wa maji, tuwaige Wanyarwanda kila kitu: nyasi inayosubiri kufunikwa, njia iliyo juu ya kina cha mafuriko, miti ya hapa badala ya michikichi ya mapambo kutoka nje, na uvumilivu wa miaka. Kwa upande wa lango tutafute njia yetu, ili kijana wa Magomeni aingie na mpira wake bila kuulizwa kitu.

Ndani ya Kigali yenyewe mfano unaofanana zaidi na wetu ni Gikondo, bonde ambalo kwa miaka mingi lilikuwa eneo la viwanda hadi viwanda hivyo vilipoamriwa kuhama, vingi vikaelekea eneo maalumu la kiuchumi la Masoro. Gikondo ni mojawapo ya ardhioevu tano ambazo jiji lilianza kuzirudisha baada ya kuona matokeo ya Nyandungu, pamoja na Rwampara, Rugenge-Rwintare, Kibumba na Nyabugogo, jumla yake ikiwa karibu hekta 500, na fedha nyingi za kazi hiyo ni za Benki ya Dunia. Nilipita juu ya Gikondo nikiwa kwenye pikipiki nikaona udongo uliofunuliwa, mashine, na wafanyakazi wenye kofia za njano mahali ambapo mdogo wangu anakumbuka mabohari. Wahandisi wetu wa Msimbazi wakija Kigali wapelekwe pale kabla ya kupelekwa Nyandungu, kwa sababu Nyandungu itawaonyesha matokeo, na Gikondo itawaonyesha fujo ya katikati, ambayo ndiyo watakayokutana nayo.

Kwa anayetaka kwenda: Nyandungu inafikika kwa urahisi kwa basi la kuelekea Kabuga au kwa pikipiki kutoka Remera, na dereva wa pikipiki atakupa kofia ngumu, uivae. Nenda asubuhi mapema au baada ya saa tisa alasiri, ndege wakiwa kazini na jua likiwa limelegea. Chukua kofia ya jua na chupa ya maji ya kujaza tena, na usije na mfuko wa plastiki, kwani Rwanda ilipiga marufuku mifuko hiyo tangu mwaka 2008 na plastiki za kutumika mara moja mwaka 2019, nao hawatanii. Ukipata mwongozaji mchukue, hasa kama una watoto. Tenga saa tatu. Na kama uko Kigali kati ya Machi na Mei, au katika mvua za vuli zinazoanza Septemba, usikate tamaa ukiamka ukasikia mabati yanapigwa. Subiri itulie, azima viatu vya mpira, na uende siku hiyohiyo, ukaanzie upande wa juu ambako maji yanaingia na kuteremka nayo.

Nilirudi nyumbani kwa basi kupitia Rusumo. Maji ya mvua ya Kigali, yakishapita mabonde yake yote, huingia Mto Nyabarongo, na Nyabarongo ndiyo inayozaa Akagera, ambayo sisi tunaiita Kagera, na ambayo hupita chini ya daraja la mpakani kabla ya kuendelea na safari ndefu hadi Ziwa Viktoria. Abiria tulishuka kugonga mihuri, na wakati wengine wakinunua ndizi nilisogea kidogo kuyatazama maporomoko. Yalikuwa ya kahawia tupu, kahawia ya udongo wa mashamba ya milima mingi niliyoipita na mingine ambayo sikuifikia. Nilisimama nikijaribu kupiga hesabu ya ni Nyandungu ngapi zingehitajika katika mabonde yote yale ya juu, na ngapi upande wetu pia, hadi dereva alipopiga honi.